Moyo Unaotwanga Bila Kunyanyua Mchi

Daktari aliniambia nichuchumae.

Ilikuwa 2023, nina miaka 36, nimekaa foleni toka saa moja asubuhi, kwenye pochi nina bahasha imejaa karatasi za presha za miaka miwili, halafu daktari kijana tu ananiambia dada chuchumaa hapo, tulia hivyo hivyo kidogo, haya simama haraka. Akaweka ile mipira ya kusikilizia kifuani. Chuchumaa tena. Simama tena. Mara ya tatu akasikiliza muda mrefu, akavua mipira masikioni, akaniuliza swali ambalo kote nilikopita hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, kwenu kuna mtu alishawahi kufa ghafla akiwa bado kijana?"

Nikakaa kwenye kiti kabla hajaniruhusu. Nikamwambia ndiyo, kaka yangu.

Kaka alianguka uwanjani Kongwa mwaka 2009, mechi ya jioni tu ya vijana wa mtaani, hakugongwa na mtu wala hakuwa na mpira, alikuwa anarudi nyuma kukaba baada ya kona, akaenda magoti, akalala kifudifudi. Miaka 24. Walimwagia maji, wakamvua viatu, wakampepea na jezi. Hakuna hata mmoja aliyemkandamiza kifua kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ndicho kitu cha kufanya, na mi siwalaumu, na mi nisingejua. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba miaka sita kabla, Juni 2003, tulikaa na huyo huyo kaka kwenye benchi la jirani mwenye tv tukaangalia Kameruni na Kolombia kule Lyon, tukamuona Marc-Vivien Foé akianguka dakika ya 72 katikati ya uwanja, peke yake, macho yamegeuka. Alikuwa na miaka 28. Baadaye ikatangazwa kwamba moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa kurithi wa misuli kuwa minene. Kaka alilia siku ile, na mimi nilikuwa namshangaa mtu mzima wa miaka 18 analilia mchezaji wa mbali. Kumbe tulikuwa tunaangalia ugonjwa wetu wenyewe, sebuleni kwa mtu, na hatukujua.

Kwenye msiba wa kaka watu hawakusema moyo. Walisema katupiwa kitu. Na msiba ukipata neno hilo lazima litafutiwe mwenyewe, ndo likamwangukia bibi mmoja jirani yetu, mjane, anaishi na wajukuu, mwanamke aliyetulea na sisi kwa sababu mama akienda shamba tulikuwa tunashinda kwake tunakula ugali wa uwele na mlenda. Asubuhi ya siku kaka alipofariki bibi huyo alikuwa amempa maji ya kunywa. Basi. Kikombe cha maji. Hakupigwa, namshukuru Mungu kwa hilo, ila watoto walikatazwa kwenda kwake, akipita kisimani watu wananyamaza, na mama yangu, ambaye walikuwa wakisukana nywele, akaacha kumsalimia. Haikuchukua mwaka akahamia upande wa pili wa kijiji. Naandika haya yote mapema ili ujue kwa nini hii habari ya dawa na vipimo kwangu haijawahi kuwa habari ya hospitali peke yake.

Tuendelee. Mi nilianza kuchoka vibaya nikiwa na miaka 34. Nafanya kazi ofisini hapa Dodoma, naishi Nkuhungu, na ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, sasa nikifika ya pili nasimama najifanya nasoma simu. Nikila nikashiba vizuri mchana ndo inakuwa mbaya zaidi, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio kama nimefukuzwa. Nikaenda zahanati moja, wakapima presha siku hiyo ilikuwa juu kidogo, wakasema una presha na moyo umeanza kutanuka, nikaandikiwa amlodipine, inayotanua mishipa, na dawa ya kukojoa. Niliyameza yale madawa kwa uaminifu wote. Nikazidi kuwa mbaya. Kuna siku ya mwezi wa kumi, lile jua la Dodoma kabla mvua hazijaanza, nimesimama soko la Majengo nachagua nyanya, dunia ikaanza kuwa nyeusi kuanzia pembeni, nikamshika mama muuza nyanya bega, akanikalisha kwenye kreti, akanipa maji. Nilivyorudi kuwaeleza wakaongeza dozi.

Sasa sikiliza kwa makini na usifanye haraka kutupa dawa zako, kwa maana watu wengi wenye presha wanahitaji hizo hizo na zinawaokoa. Ila kwa mtu mwenye moyo kama wangu, dawa inayotanua mishipa na dawa inayokausha maji mwilini zinaweza kuongeza tatizo, na zile dawa za nguvu za kiume ambazo kaka zetu wananunua kimya kimya nazo zimo kwenye kundi la kuogopwa. Moyo mnene wa presha na moyo mnene wa kurithi kwenye karatasi vinaweza kufanana, lakini tiba zinaachana njia. Ndo maana yule daktari alinichuchumaza. Ukisimama ghafla damu inayorudi kwenye moyo inapungua, chumba cha ndani kinakuwa kidogo, njia ya kutokea damu inabana zaidi na ile kelele ya damu inayosikika kwenye mipira inaongezeka. Ukichuchumaa kelele inapungua. Kipimo cha bure kabisa, hakihitaji hata umeme.

Akanipeleka kwenye eko, ile mashine ya picha ya moyo wanayokupaka jeli baridi. Ukuta wa kati ya vyumba viwili vya chini ulikuwa milimita 19. Mtu wa kawaida haupiti kama 12, na kwa mtu mzima ukifika 15 bila sababu nyingine ya kuunenepesha wanaanza kuuita jina lake, haipatrofiki kadiomayopathi. Nikamwomba aniandikie nikaenda kulisoma mwenyewe usiku mpaka simu ikaisha chaji.

Nimetafuta muda mrefu namna ya kuueleza huu ugonjwa kwa mama yangu, maana mama hajui milimita, na mwishowe kinu ndo kilinisaidia. Ukitwanga uwele kazi ni mbili, kushusha mchi na kuunyanyua, na asiyejua anadhani nguvu iko kwenye kushusha tu. Moyo wangu unashusha mchi vizuri sana, tena kwa nguvu kupita kiasi. Unyanyuaji ndo shida. Hauachii. Ndani ya msuli kuna vijikono vidogo mno vya protini inaitwa mayosini, vinakamata na kuvuta, vinaachia vinapumzika, halafu vinakamata tena, sasa kwa watu kama mimi vijikono vingi vinakuwa kazini kwa wakati mmoja wakati vingine vilitakiwa viwe vimekaa. Msuli unakaza, unanenepa, unakuwa mgumu kujaza damu. Na kwa wengine, mimi nikiwemo, ule ukuta mnene uko jirani na mlango wa kutokea damu, damu ikipita kwa kasi inavuta na jani la valvu ya pembeni nalo linakuja kuziba. Kwa hiyo moyo una nguvu nyingi na mwili unakosa damu. Mama alisikiliza yote akasema, "Kwa hiyo umechoka kwa sababu hauchoki." Hajasoma zaidi ya la nne na hakuna daktari aliyenieleza vizuri kuliko hivyo.

Ugonjwa wenyewe hauko mbali na watu. Hesabu inayotajwa sana ni mtu mmoja kati ya 500, na wapo wataalamu wanaoona ni wengi zaidi ya hapo. Mzazi akiwa na jeni yenye hitilafu, yaani ile chembe ya urithi, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuipata, awe wa kike au wa kiume, wa kwanza au kitinda mimba. Na mwenye jeni hiyo anaweza akazeeka bila dalili yoyote, kama ninavyokuja kukueleza.

Miaka ya 1950 hata jina lenye kueleweka halikuwepo. Mwaka 1958 daktari wa London anayeitwa Donald Teare, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza maiti, ndo aliandika kuhusu vijana waliokufa na kukutwa ukuta wa moyo umenenepa upande mmoja. Yaani tuliujua kupitia maiti kwanza. Jeni yenyewe ya kwanza ilipatikana 1990, Christine Seidman na Jonathan Seidman na wenzao wa Boston, baada ya kufuatilia familia moja kubwa ya Quebec, Kanada, ambayo watu wake walikuwa wanakufa kizazi hadi kizazi. Niliposoma habari ya hiyo familia nilifunga simu nikatoka nje nikakaa barazani. Wazungu wa kwenye baridi huko, na wao wamezika vijana miaka na miaka.

Dawa ya kwanza iliyosaidia ilikuja miaka ya 1960, propranolol, kazi ya James Black Mskoti, na ndugu zake wale wale akina atenolol, metoprolol na bisoprolol ndo bado watu wengi tunaanza nao. Wanapunguza mwendo wa moyo ili upate muda wa kujaa. Mi natumia bisoprolol. Yule daktari alivyonifutia amlodipine na ile ya kukojoa, akaniandikia hii na kuniambia ninywe maji kwa mpango na nisishibe sana kwa mara moja, ndani ya wiki tatu nilipanda ghorofa ya tatu bila kusimama kusoma simu. Kidonge kinachopatikana hapa hapa Dodoma. Nililia kwenye ngazi pale juu, mlinzi akadhani nimefiwa.

Kwa ambao vidonge havitoshi kuna kisu. Andrew Morrow, daktari wa upasuaji kule Marekani kwenye taasisi ya serikali yao ya utafiti, alianza miaka hiyo hiyo ya 60 kufungua moyo na kuchonga kipande cha ule ukuta mnene ili njia ipanuke, na mpaka leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huu, na ndio uliomuua 1982. Nikifikiria mtu anachonga mioyo ya wenzake na wake uko vile vile ndani, naishiwa maneno. Kisha 1994 Ulrich Sigwart akiwa London akafanya bila kufungua kifua, unapitisha mrija kwenye mshipa mpaka kwenye kile kimshipa kinacholisha ukuta mnene, unadunga spiriti safi kidogo sana, sehemu ile ya msuli inakufa na kusinyaa. Kuna mzee mmoja ukoo wetu aliposikia pombe inatibu moyo alifurahi, ikabidi nimkalishe nimweleze kwamba hiyo ni mililita moja mpaka tatu tena ndani ya mshipa na daktari bingwa, na kwamba pombe ya kilabuni kwa moyo huu ni adui kwa sababu inakausha na kutanua.

Halafu kuna kifaa. Watu hapa wanajua betri ya moyo, ile ya kusaidia moyo unaokwenda taratibu. Hii ya kwetu ni betri ya kustua, inakaa chini ya ngozi inasubiri, moyo ukiingia kwenye ule mtetemo unaoua inaupiga shoti na kuurudisha. Michel Mirowski na wenzake ndo waliifanya ikawa kitu, wakamwekea mtu wa kwanza Baltimore mwaka 1980. Kaka yangu alikufa 2009. Kilichotakiwa kumuokoa kilikuwa na miaka 29 duniani, kimemzidi umri. Hiyo hesabu huwa inanirudia nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye bajaji, popote.

Ila sitaki mtu asome hapa akaingiwa hofu isiyo na kipimo. Zamani takwimu zilizotoka kwenye hospitali kubwa zilitisha kwa sababu walikuwa wanaona wagonjwa mahututi tu. Siku hizi, kwa mtu anayefuatiliwa vizuri na kupata tiba hizi, wanaokufa na ugonjwa huu kwa mwaka wameshuka mpaka karibu nusu ya mtu mmoja kwa kila mia. Wengi wanazeeka.

Sasa hii mpya, ambayo ndo ilinifanya nikae macho. Hizo tiba zote nilizotaja zinazunguka tatizo: unapunguza mwendo, unachonga, unachoma, unaweka mlinzi. Hakuna hata moja iliyokuwa inagusa vile vijikono. Aprili 2022 Marekani waliidhinisha mavacamten, kidonge cha kwanza kinachokwenda moja kwa moja kwa mayosini na kuviambia baadhi ya vijikono vikae. Yaani kinanyanyua mchi. Walikuwa wameijaribu kwa watu 251 kwa wiki 30, nusu wanapewa dawa na nusu kidonge kitupu bila kujua, na waliomeza dawa ule mbano kwenye njia ya damu ulishuka sana, wengine wakapumua na kutembea kama watu wa kawaida, waliofikia kipimo cha kuitwa wamepata nafuu walikuwa 37 kwa mia, na wale wa kidonge kitupu 17. Ikafuata ndugu yake, aficamten, matokeo ya watu 282 yakatoka 2024, na 2025 wakaishindanisha uso kwa uso na metoprolol, hii familia ya vidonge ninavyomeza mimi. Aficamten ikashinda. Watu wakapata pumzi zaidi mazoezini, na wa metoprolol hawakupata.

Nilisoma hiyo usiku nikaangalia kichupa changu cha bisoprolol juu ya meza. Nimekushukuru wewe kidonge, nimepanda ngazi kwa ajili yako, na sasa naambiwa kuna kilicho bora zaidi huko. Bei ya mavacamten ilipotangazwa Marekani ilikuwa kama dola 89,500 kwa mwaka. Piga kwa shilingi zetu, ni zaidi ya milioni 200, kila mwaka, maisha yako yote. Duka la dawa nililouliza mtaani kwetu dada wa dirishani aliniomba nimwandikie jina, akasema hajawahi kuliona. Na hata ingekuwa bure inakuja na masharti: inaweza ikalegeza moyo kupita kiasi ukashindwa kusukuma, kwa hiyo mwanzoni lazima eko ya mara kwa mara, mjamzito hapewi, na haipatani vizuri na baadhi ya dawa, omeprazole ikiwa mojawapo, ambayo hapa kwetu kila mwenye kiungulia anajinunulia kama pipi. Nasema haya kwa sababu ipo siku itafika, dawa zote hufika, na tukiipokea bila mashine za eko za kutosha na watu wa kuzisoma itaua watu.

Tena haimsaidii kila mtu. Mwaka huo huo 2025 mavacamten ilijaribiwa kwa wale wenye moyo mnene usioziba njia, ikashindwa kufikia malengo. Na huko mbele zaidi wanajaribu kupeleka nakala nzima ya jeni nzuri ndani ya seli za moyo kwa kutumia kirusi kilichotolewa makali, majaribio kwa binadamu yalianza Marekani 2023 kwa wale wenye hitilafu kwenye jeni inayoitwa MYBPC3. Nafuatilia hizo habari kama watu wanavyofuatilia usajili wa Simba na Yanga.

Turudi Kongwa, maana huko ndo tiba yangu mimi ilipolazimika kuanzia. Siku ile ya kuchuchumaa daktari aligeuza karatasi akachora viboksi na viduara, boksi mwanaume, duara mwanamke, akaanza kuniuliza nani alikufaje. Babu mzaa mama, alikutwa shambani amelala kwenye mtama, watu wakasema jua. Mama mdogo, kiharusi akiwa na miaka 41, na kabla ya hapo alikuwa analalamika moyo unarukaruka kama kuku aliyechinjwa. Daktari akasema moyo huu ukianza kupiga ovyo damu inaganda ndani na kuruka kichwani, kuna dawa za kuzuia hilo. Kaka. Mimi. Akachora mstari kutoka kwa babu mpaka kwetu sisi wawili, ukapita kwenye duara moja ambalo lilikuwa halijajazwa. Mama.

Mwezi wa saba, baada ya mavuno, nikaomba kikao cha ukoo nyumbani kwa mjomba. Sijawahi kuogopa kitu kama kile, hata hospitali. Wazee wamekaa kwenye vigoda, baridi ya Julai na ule upepo, nikaanza na mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, nikatoa ile karatasi. Nikaeleza kinu na mchi. Nikasema kila ndugu wa damu wa kaka na mama apimwe, ECG, ile ya kusoma umeme wa moyo, na eko, na watoto wanaokua warudie kila mwaka au miwili, wakubwa kila miaka mitatu mpaka mitano, hata kama leo picha ni safi, kwa sababu msuli unaweza kuanza kunenepa ukubwani.

Mjomba akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Mwanangu, sisi tunajua kilichomuua kaka yako." Taratibu, kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Shangazi mmoja akaitikia. Na mimi nikajikuta nasema kitu ambacho sikukipanga, kwamba kama bibi yule ndiye aliyemuua kaka, basi ndiye aliyemuua na babu kabla hajahamia kijiji chetu, na mama mdogo aliyekuwa ameolewa Kondoa, na yule mtu mkubwa wa Kameruni kule Ufaransa, na familia nzima ya Kanada. Nikasema tumemwonea mtu. Nikasema tulikula kwake. Sauti ilipasuka, sikuweza kuendelea. Hakuna aliyejibu. Mama alikuwa anaangalia chini anachora mavumbi na kijiti.

Kikao kiliisha vile, bila uamuzi, tukala tukalala.

Wa kwanza kupimwa akawa binti yangu, miaka 13, anacheza netiboli shuleni na anaruka kama swala. Wiki ile kabla ya kipimo nilimkataza kucheza, akaninunia, na nilimwelewa. Picha yake ilikuwa safi. Kwa sasa. Hilo neno kwa sasa nimejifunza kuishi nalo. Nikamuuliza daktari je nimwondoe kwenye michezo kabisa nijihakikishie, akasema hapana, mtoto ambaye moyo wake hauna dalili acheze, arudi mwakani, na kwamba siku hizi hata wenye ugonjwa wenyewe hawakatazwi wote kwa pamoja kama zamani, inakaliwa chini, mgonjwa na daktari wanaangalia hatari ya mtu huyo na kuamua, mwongozo wa Marekani wa 2024 umeandikwa hivyo. Mi mwenyewe natembea jioni kutoka Nkuhungu mpaka karibu na mjini na kurudi. Shuleni nimeongea na mwalimu wa michezo, nikamwonyesha jinsi ya kukandamiza kifua, kwa nguvu na haraka, katikati ya kifua, usisimame mpaka msaada ufike, akawafundisha na watoto. Hilo lilinipa usingizi kuliko dawa.

Kuhusu mimi bado kuna la kuamua. Mbano wangu umeshuka kwa bisoprolol, lakini kwa kuwa ndugu wa tumbo moja alikufa ghafla kijana, daktari kaniwekea mezani ile betri ya kustua. Nimevaa kile kifaa cha kurekodi mapigo siku mbili chini ya dera, waya zinawasha. Nina rufaa ya kwenda Dar kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wakaniangalie zaidi, na kwa treni hii ya SGR naweza kwenda asubuhi nikazungumza nao nikarudi. Naiogopa betri, inaweza kupiga shoti bila sababu, inaweza kuingia wadudu, inabadilishwa baada ya miaka kadhaa. Naogopa pia kutokuwa nayo. Nimeandika maswali kwenye daftari, yamefika 17.

Mama alikataa kupimwa miezi minane. Alikuwa anasema ana miaka 68, analima, anabeba kuni, moyo gani huo mbovu. Halafu asubuhi moja mwaka huu akanipigia mwenyewe, akasema nipo stendi ya Nanenane, njoo unichukue. Amevaa kitenge kipya.

Milimita 16. Haijaziba njia, hana dalili, daktari alimpa hongera kwa kuzeeka nao. Mama akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo huyu mtoto aliutoa kwangu?" Daktari akamwambia ndiyo mama, lakini hukumpa wewe, ulipita tu. Akatikisa kichwa. Njia nzima kutoka hospitali hakuongea, na mimi nikanyamaza.

Wiki ile ile mjomba akapiga simu akajifanya anaulizia bei ya mahindi mjini, tukaongea mahindi, kabla ya kukata akasema, "Hicho kipimo cha mama yako, watoto ni bei gani, na kadi ya bima inakubali?" Ana watoto sita. Watatu wameshakuja, mmoja kakutwa nao, ana miaka 22 na ameanza kidonge kile kile ninachomeza mimi.

Jumamosi nilimrudisha mama Kongwa. Tulipofika njia panda ya nyumbani akaniambia nisikate kona, niende moja kwa moja. Nikajua. Nyumba ya bibi ina bati kuukuu na mpera mbele. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapepeta, amekuwa mdogo kweli, macho yameingia ukungu. Mama alishuka na mfuko wake wa unga wa uwele aliokuwa ameubeba toka asubuhi bila kuniambia ni wa nani, akavua kandambili, akakaa pembeni ya mkeka, juu ya mchanga.

"Mbukwa," mama akasema.

Bibi akaacha kupepeta. Akageuza kichwa upande wa sauti, akakaa hivyo muda, halafu akasogea, akapiga piga mkeka kwa kiganja kuonyesha nafasi.